Njaa ya Kitajiri Jijini Rio

Sehemu ya Tisa: Mkate wa Leblon

Viatu vyeupe havikusogea.

Bi Zulmira naye hakusogea. Alikuwa bado amepiga magoti chini ya meza ya muuza mboga, gauni lake la maua limeshika vumbi la barabarani, mkononi nyanya zilizobonyea. Hapo ndipo tulipomwacha. Kama juma lililopita gazeti lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, sogea karibu nikudokeze, kisha ukimbie na wenzako.

Huyu ni mjane wa Carangola, kwetu milimani, Minas. Amekuja Rio kumtazama mchumba aliyempata kwenye simu. Amemwambia mchumba kwamba ana mashamba ya kahawa, na kweli ana mibuni michache nyuma ya jiko. Kitu chake cha maana duniani ni kimoja tu, nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Na leo hii, kwenye chakula cha mchana, anatakiwa atoe jibu: aiuze nyumba hiyo, hela zije zitengeneze ghorofa ya mchumba inayotazama bahari, kisha wafunge ndoa, au afungashe virago arudi alikotoka.

Mchumba mwenyewe ni Seu Valdomiro, yaani Bwana Valdomiro, daktari mstaafu kwa kauli yake. Ndiye mwenye viatu vyeupe.

"Dona Zulmira? Ni wewe huko chini?"

"Hereni," akajibu Bi Zulmira bila kutoka. "Hereni yangu imeanguka, Seu Valdomiro. Ya dhahabu. Aliniachia mama."

Hereni zote mbili zilikuwa masikioni. Jussara, binti wa kaka yake, aliyesimama pembeni na kikapu, aliitazama ya kulia, akaitazama ya kushoto, kisha akaamua kutazama mawingu.

Ilikuwa ile saa wauzaji wanayoiita shepa, soko la Jumapili linapovunjwa na kila kilichobonyea kinauzwa kwa bei ya kutupa. Watu wenye fedha huwa wameshaondoka. Wanaobaki wanajuana, na adabu ya mahali hapo ni kutosalimiana.

Seu Valdomiro hakuijali adabu hiyo. Alipiga magoti kiungwana kuisaka hereni, na alipoinama mfuko wake ukapasuka. Mapapai mawili yaliyolainika yakabingirika hadi miguuni mwa Jussara.

"Ya kasuku," akasema haraka.

"Na vitunguu?" Jussara akauliza.

"Kasuku wangu ni wa Amazoni, binti. Hao hawachagui."

"Na hiki kichwa cha samaki?"

"Cha paka."

"Kumbe huko ghorofani umefuga zizi zima."

"Jussara," shangazi yake akamkemea, akichomoka chini ya meza na majani ya kabichi nyweleni. "Mtu mkubwa akijishusha kwenda kumnunulia mnyama chakula kwa mkono wake, hiyo ni huruma. Jifunze."

Ukipenda, chongo huita kengeza. Mwanamke huyu ana macho ya kuona yai bovu ndani ya ganda, lakini mapapai yale hakuyaona.

"Nimeipata," akasema, akijishika sikio.

"Mungu mkubwa," akasema Seu Valdomiro. "Basi twende tukale. Nimetuwekea meza Leblon."

Kusikia Leblon, mtaa wa matajiri, Bi Zulmira alishika tumbo. Si kwa njaa. Alikuwa ameshiba tangu asubuhi, kwa makusudi, na hapa inabidi nikutolee siri yake ya kuishi kwenye mji ule bila kukonda.

Sheria yake ya kwanza ni kwamba mtu haendi kwenye meza ya tajiri na njaa. Asubuhi ile yeye na Jussara walikuwa ufukweni na debe la kuku na farofa, ule unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi na vitunguu. Watu wa mjini wakiona debe la namna hiyo mchangani huinua pua. Bi Zulmira aliwainulia paja la kuku.

Sheria ya pili ni mikahawa ya kilo, ile unayojipakulia mwenyewe kisha sahani inapandishwa mizanini. Hapo mjane wetu ni profesa. Hagusi tikiti, maana ni maji. Hagusi nyama yenye mfupa, maana mfupa nao unapimwa. Maharage huyakamulia ukingoni mwa sufuria mpaka yalie, halafu huchukua mchuzi kidogo wa kulamba, na wali hauli kabisa. Hufika dakika za mwisho bei inapoteremshwa, akiwa amekwisha kumtaka Jussara asimame nyuma yake ili foleni isimwone anavyopepeta mboga kuondoa maji.

"Shangazi," Jussara alimwambia siku ya kwanza, "dada wa mizani anacheka."

"Acha acheke. Yeye ana mizani, mimi nina akili."

Sasa akili hiyo ndiyo ilikuwa inashuka ngazi za treni ya chini ya ardhi, imeshikwa mkono na mwanamume mwenye viatu vyeupe.

Langoni, Seu Valdomiro alitoa kadi ya wazee na kupita bure. Kadi hiyo hupewa waliokwisha kutimiza sitini na mitano. Kwenye simu alikuwa na hamsini na tisa.

"Shangazi, umeona?"

"Nimeona. Wanamheshimu kila mahali."

Jussara alikata tiketi zao mbili kimya.

Mkahawa wenyewe unaitwa Baroni. Usiutafute, hawatakufungulia. Vitambaa vyeupe mpaka chini, na baridi ya kuhifadhia samaki. Mhudumu mwenye masharubu ya mvi, ambaye wenzake walimwita Genival, alimwona Seu Valdomiro mlangoni, akainamisha kichwa, na bila kuuliza neno akawapeleka kwenye meza ya pembeni karibu na dirisha.

"Wanakujua," Bi Zulmira akanong'ona.

"Kidogo," Seu Valdomiro akasema, akijinyoosha tai.

Hawajakaa vizuri, Genival akarudi na kikapu cha mikate midogo ya moto. Kando akapanga zeituni, siagi iliyofinyangwa kama ua, mayai ya kware na kibakuli cha maini yaliyopondwa. Hakuna aliyeagiza. Aliviweka tu, akaenda zake.

Wasomaji wa Rio, nawajua, mmeshaanza kutabasamu. Tabasamuni taratibu. Kwetu Carangola mgeni akikaa, kitu kinatangulia mezani kabla ya swali lolote. Mkate wa jibini, kahawa, kipande cha peremende ya mapera. Haulizwi kama ana njaa, haulizwi ametoka wapi. Kukiacha ulichowekewa ni sawa na kutema mate kizingitini pa watu. Na Bi Zulmira, bingwa wa kilo, bingwa wa shepa, hakuwa amewahi hata mara moja kukaa kwenye mkahawa wa kitambaa.

Kwa hiyo alikula.

"Usijisumbue na vidude hivi," Seu Valdomiro akamwambia, mkono wake ukielea juu ya kikapu bila kutua. "Vitakuharibia hamu."

"Hamu yangu haiharibiki na mkate."

"Siagi yao nzito. Inapanda kwenye moyo. Nakwambia kama daktari."

"Moyo wangu umezoea mafuta ya nguruwe. Wewe mbona huli?"

"Mimi mkate nimekatazwa."

"Na zeituni?"

"Pia."

"Nani kakukataza, na daktari ni wewe?" Jussara akauliza, mdomoni yai la kware.

Seu Valdomiro alimpungia Genival aje aondoe vitu. Genival alipokuja, Bi Zulmira alikuwa amekikumbatia kikapu.

"Umefanya vizuri kurudi, baba," akamwambia. "Tuongezee."

Kikaja kikapu cha pili, na ua jingine la siagi. Seu Valdomiro alivitazama vikitua, akanywa maji yote ya glasi yake.

Zikaja orodha za vyakula, ngumu kama milango ya kabati. Bi Zulmira alisoma upande wa tarakimu tu, akaifunga.

"Mimi ni mtu wa kula kama ndege," akasema.

"Ajabu," akasema Seu Valdomiro. "Hata mimi."

"Mchana huwa sili kabisa."

"Mimi huwa nakunywa kitu chepesi. Supu."

"Supu inatosha sana. Hata nusu."

"Tuchukue moja, tugawane. Ni jambo la mapenzi."

"Supu moja," Genival akarudia, uso wake hauna kitu. "Na binti?"

"Mimi nataka ile nyama kubwa inayokuja na moto wake."

Wachumba wote wawili walimgeukia kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana jambo.

"Binti anatania," akasema Bi Zulmira.

"Ana utani sana," akasema Seu Valdomiro.

Ikaletwa supu moja na vijiko vitatu. Ilikuwa ya malenge, na katikati walikuwa wamechora duara la maziwa. Seu Valdomiro alilichota duara lile haraka, kwa kweli kwa pupa, na kijiko chake kiliifuata supu mpaka kwenye pembe za bakuli. Mtu aliyekula asubuhi halambi hivyo. Jussara aliona. Shangazi yake alikuwa akitazama kikapu.

Alikuwa anawaza, na nitakwambia alichokuwa anawaza, maana ndicho kilichomponza. Aliwaza kwamba mwanamume ambaye mezani pake mkate unatangulia maneno hawezi kuwa mtu mbaya. Marehemu mumewe alikuwa mwema, lakini mkate aliukata mwembamba hadi mtu aliweza kuusomea gazeti upande wa pili. Huyu kikapu kizima kimekuja bila mtu kuomba. Machozi yalimlenga.

"Ni wewe uliwaambia walete?" akauliza.

Seu Valdomiro alisita, akaona mlango umefunguka.

"Hapa wanajua ninavyopenda wageni wangu wapokewe."

"Ningejua ningekuja mapema."

"Basi na jibu langu, Zulmira? Umenikalisha roho juu tangu Ijumaa."

Bi Zulmira alijifuta midomo, akatoa simu.

"Shangazi," Jussara akasema. "Subiri kwanza. Tumalize kula."

"Tumemaliza."

"Tusubiri kahawa."

"Jussara, mimi ni mtu mzima." Simu ikaita, ikapokelewa. "Kompadri Nonato? Ni Zulmira. Ndiyo, huku joto. Sikiliza, kompadri, ile nyumba uliyoitaka. Neno langu ni ndiyo. Ni yako, kwa bei tuliyosema. Fungua tu, ufunguo uko kwa mwenyewe Mtakatifu Antoni, nyuma ya sanamu."

Zeituni ilimtoka Jussara mdomoni, ikaanguka kwenye supu.

Mtu wa bondeni atasema neno si kitu, karatasi ndiyo kitu. Sisi watu wa milimani hatukuumbwa hivyo. Nonato ni baba wa ubatizo wa Jussara, ndiyo maana yeye na Bi Zulmira huitana kompadri na komadri. Neno lililotoka kwa komadri likaingia kwa kompadri limeshafika, na karatasi hufuata nyuma kama mkia unavyofuata ng'ombe. Mwenye kulirudisha neno kwetu hasalimiwi tena kanisani. Nimewaona wawili, na mmoja alikuwa mjomba wangu.

"Umenifanya kijana," akasema Seu Valdomiro, akambusu mkono.

Na hapo hapo Genival akaleta bili.

Ilikuwa ndani ya kijaladi cha ngozi. Genival hakuuliza wala hakutazama. Alimpita Seu Valdomiro, akamzunguka Jussara, akakiweka taratibu karibu na mkono wa Bi Zulmira, kama mtu anayerudisha chumvi mahali pake.

Seu Valdomiro alijipapasa kifuani. Akajipapasa kiunoni. Akajipapasa na mahali ambapo hapana mfuko.

"Pochi," akasema. "Nimeiacha kwenye koti jingine. Aibu gani hii."

"Si neno," akasema Bi Zulmira, bado ana furaha. "Supu moja." Akafungua kijaladi.

Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Baba Genival. Hii kuveri ni nini?"

"Ni mkate, mama."

"Mkate gani?"

"Huo alioula mama. Na zeituni, na siagi. Inahesabiwa kwa kichwa. Mmekuwa vichwa vitatu, vikapu viwili."

"Ule mkate wa kutukaribisha?"

"Huo."

"Nani aliuagiza?"

"Hauagizwi, mama. Unaletwa. Usiporudishwa, umenunuliwa."

Bi Zulmira alikifunga kijaladi. Kisha akasema polepole, si kwa Genival wala kwa mtu yeyote, "Huu mji unamuuzia mtu salamu."

Ndugu zangu wa Leblon, andikeni barua kwa mhariri mkitaka. Mnaweka mkate mbele ya mtu, mnageuza shingo, mnamwacha ajinyonge nao, halafu mnamcheka mchangani kwa kuwa amebeba wake kutoka nyumbani. Mwenye debe la farofa ana haya kuliko nyinyi.

Lakini bili haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa aliliona Jussara.

"Baba," akamwambia Genival, "mbona kijaladi umemwekea shangazi? Wanaume huwa wanalipa."

"Samahani sana, binti. Ni mazoea. Bwana huyu akija, huwa wanalipa akina mama."

"Akina mama wepi?"

Genival alimtazama Seu Valdomiro. Akamtazama Bi Zulmira, mwenye makombo kifuani. Akatambua alichokisema. Aliliokota bakuli la supu, lenye zeituni ndani, akaondoka kwa hatua za mtu anayeacha nyumba ya msiba.

"Dada zangu," akasema Seu Valdomiro. "Nina dada wengi."

"Wote wajane?" Jussara akauliza.

"Familia yetu imeonja misiba."

Bi Zulmira alivua miwani. Aligeuka dirishani, akatoa kitambaa alichofungia akiba yake kifuani, akalipa. Zikabaki za nauli tu. Alikuwa anaunganisha mapapai, kichwa cha samaki, meza ya pembeni, kadi ya wazee, na kijiko kilivyoikimbiza supu. Kila kimoja kilikaa mahali pake kwa urahisi wa kuudhi.

Kumbe kwenye mji ule kila mtu ana mbinu yake ya kushiba. Kuna anayekula kwa kilo, kuna anayekula kwa debe, na kuna anayekula kwa mjane. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Juma ambalo hakuna mgeni, mwenyeji huenda shepa.

"Nipeleke nyumbani kwako," akasema Bi Zulmira.

"Leo? Kuna vumbi, mafundi—"

"Leo ni Jumapili. Mafundi hawapo. Nipeleke nikaione hiyo ghorofa inayotazama bahari, ambayo nyumba yangu inakwenda kuitengeneza."

Jussara alijiandaa kwa kicheko, maana alijua itakavyokuwa. Mzee atakumbuka ameacha funguo. Atashikwa na kichomi. Atapotea kwenye kona.

Seu Valdomiro alivaa kofia yake. "Twende," akasema. "Ni karibu."

Walitembea mitaa miwili. Jengo lilikuwepo. Mlinzi wa mlangoni alisimama. "Habari za mchana, Seu Valdomiro." Lifti ilipanda. Ufunguo ulitoka mfukoni, ukaingia, ukazunguka bila matata. Mlango ukafunguka, na mbele yao, ndani ya dirisha pana, ikawa bahari nzima, ya kijani na nyeupe, na visiwa vyake.

Jussara alifunga mdomo. Bi Zulmira alihisi damu ikimpanda usoni. Kumbe amemdhania mtu. Kumbe mtu anaweza kuwa na ghorofa na bado akawa bahili. Mabahili wako kila mahali, yeye mwenyewe ni mmojawapo. Alikuwa ameshafungua kinywa kuomba radhi.

Ndipo harufu ya vitunguu saumu ikawafikia, na kutoka jikoni akatokea mwanamke mnene wa makamo, amefunga aproni, mkononi mwiko.

"Umechelewa," alimwambia Seu Valdomiro. "Nimepasha mara mbili." Kisha akamtazama Bi Zulmira kuanzia viatu hadi nywele, kwenye jani la kabichi lililobaki. "Wewe ndiye wa Carangola."

"Ndiye mimi. Na wewe ni mpishi?"

"Ndivyo anavyoniita wageni wakija. Jina langu Lindaura. Ni mjane kama wewe, wa Ubá, huko huko Minas. Nilikuwa na nyumba kule, baraza mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni." Aligonga ukuta kwa mwiko. "Sasa ndiyo hii. Baraza ya asubuhi ni hilo dirisha. Ya jioni aliila Baroni."

"Lindaura ana maneno," akasema Seu Valdomiro. Alikuwa ameshakaa, na leso ameshaichomeka shingoni. "Leta chakula. Nina njaa mimi."

"Alikuahidi ndoa?" Bi Zulmira akauliza.

"Ghorofa ikishatengenezwa. Kila mwaka kuna kitu cha kutengeneza. Mwaka huu ni mabomba, na mabomba hayo ni wewe."

Bi Zulmira alishika ukingo wa meza.

"Shangazi, piga simu," Jussara akasema. "Rudisha neno. Sasa hivi, mambo ya kanisani tutajua mbele."

Akapiga. Nonato alipokea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunywa kidogo. Nyuma yake kulikuwa na kishindo.

"Kompadri, nimekosea. Nimedanganywa. Nakuomba unirudishie neno langu."

"Unasema? Siwezi kusikia, komadri, wanagonga."

"Wanagonga nini?"

"Ukuta wa jiko. Tunapanua. Padri alikuwa kwangu kwa chakula, ameshabariki mlango. Vijana wakasema tusingoje kesho."

"Nonato. Nakuomba."

Kule mbali ikasikika nyundo, kisha sauti ya Nonato, safari hii bila kinywaji ndani yake.

"Komadri, ningekuwa nimeambiwa na mtu mwingine ningesema haya. Lakini nimeambiwa na wewe. Ukinitaka neno lako, na mimi nikadai la nani? Nimekwisha kuahidi nyumba yangu kwa mwanangu anayeoa. Ameshaingiza kitanda."

Bi Zulmira aliiweka simu mezani. Hakuikata. Aliumia, na nasema wazi kwa kuwa yeye asingesema. Nyumba ile bei yake angeweza kuisahau. Lakini ukuta ule wa jiko ndio alioegemea akiwa na uchungu wa kuzaa watoto walioishi na waliokufa, na moshi wake ulikuwa umemzeesha pamoja na mumewe. Sasa vijana walikuwa wanaupiga nyundo kwa sababu alikula mkate wa watu.

Jussara alianza kulia. Shangazi yake hakulia. Alivuta kiti cha mbele, kiti cha mwenye nyumba, kile kinachoitazama bahari, akakaa.

"Mimi sina kwangu tena," akamwambia Seu Valdomiro. "Kwa hiyo nimefika kwangu. Hela za Nonato hutaziona hata kwa ndoto. Chumba kikubwa nitakichukua mimi na Lindaura, kidogo Jussara. Wewe kuna sofa."

Seu Valdomiro alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, lazima tukubali, ndicho kilichomlisha miaka yote. "Kaa, Zulmira. Kaa kwanza ule. Wanawake wote husema hivyo siku ya kwanza, muulize huyu."

Lindaura aliingia jikoni. Alileta wali, akaleta mboga za majani, akaleta nyama ya nguruwe. Mwisho akaleta chungu kidogo cha maharage meusi, akakitua mbele ya Seu Valdomiro. Mzee, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni ila duara la maziwa, alijaza sahani mpaka wali ukafunikwa.

Lindaura alizunguka meza akigawa vijiko. Alipofika kwa Bi Zulmira aliinama kumwekea leso mapajani.

"Kula wali, dada," alimnong'oneza. "Kula nyama, kula mboga. Maharage usiyaguse, na binti asiyaguse. Hayo nimempikia yeye."

Bi Zulmira aligeuka. Macho ya Lindaura yalikuwa makavu na yametulia, kama ya mtu aliyemaliza kazi zake za siku.

Upande wa pili wa meza kijiko kilikuwa kinapanda na kushuka. Bi Zulmira ni mtu wa kanisani, hajawahi kumdhuru hata panya bila kujutia. Alifungua mdomo. Sekunde ile, kutoka kwenye simu iliyolala mezani, nyundo ya Carangola ikasikika, halafu kitu kizito kikaporomoka na vijana wakashangilia.

Akaufunga mdomo wake.

"Umeshiba, Seu Valdomiro?" akauliza.

"Bado," akasema yule mzee, akinyoosha mkono kwenye chungu.

Chungu kilikuwa mbali kidogo. Bi Zulmira akamsogezea.